Kabati la Septemba mosi: uchambuzi wa siku ya kuhama Boston

Usiku wa Agosti 31 kuamkia Septemba 1, mitaa ya Allston, Brighton, Mission Hill na Fenway mjini Boston hujaa samani kando ya barabara: makabati ya droo, meza za kusomea, rafu za vitabu, feni, friji ndogo, magodoro, viti vya ofisi vilivyokatika gurudumu. Wenyeji huiita Krismasi ya Allston. Mikataba mingi ya pango katika jiji hili huisha na kuanza tarehe hiyo hiyo moja, kwa kuwa kalenda ya nyumba imefuata kalenda ya vyuo. Boston University na Boston College zinapakana na mitaa ya Allston na Brighton, na Northeastern iko jirani na Mission Hill. Siku hiyo anayetoka na anayeingia hukutana ngazini, kila mmoja na kochi lake begani.

Tuseme kuna familia ya watu watano wanaozungumza Kiswahili, wamefikia Lowell, kama kilomita 40 kaskazini-magharibi mwa Boston, mji ambao Wakenya na Wakongo wameshauzoea. Wamepata nyumba ya vyumba viwili isiyo na kitu ndani. Wanahitaji kabati la nguo, meza ya kulia na viti, meza ya mwanafunzi, kitanda cha mtoto mchanga na friji ndogo. Wana gari dogo, na wanaweza kukodi lori kwa siku moja. Je, waende Boston kuokota? Waende. Ila warudi na mbao, chuma na kioo, na kila chenye kitambaa na sponji wakiache palepale.

Kwa nini kabati zima linatupwa

Sheria ya Massachusetts, jimbo lilimo Boston, inamruhusu mwenye nyumba kumtoza mpangaji mpya, kabla hajakabidhiwa ufunguo, kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, amana isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama ya kufuli. Mpaka katikati ya 2025 wapangaji wengi walibebeshwa na ada ya dalali juu yake, ambayo mara nyingi ilikuwa kodi ya mwezi mwingine mzima; tangu Agosti 1, 2025 dalali hulipwa na aliyemwita. Mtu aliyekwisha kutoa fedha zote hizo hana tena za kulipia stoo wala lori kwa ajili ya kabati alilolinunua kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo anaogopa amana yake ya zamani itakatwa iwapo nyumba itakutwa na vitu. Basi kabati linashushwa ngazi na kuegeshwa chini ya mti. Mara nyingi halina ubovu wowote. Mwenyewe ameishiwa saa, na hana gari.

Kuna jingine ambalo wageni hawalijui, nalo huzaa ugomvi. Mikataba mingi inamtaka mpangaji wa zamani awe ametoka Agosti 31, na mpya haingii mpaka Septemba 1, ili kati hapo nyumba ifagiliwe au ipakwe rangi. Kuna usiku mmoja, basi, ambao mtu hana kwake popote: vitu vyake viko ndani ya lori, kwa rafiki, au hapo hapo barabarani. Rundo unaloliona saa tatu usiku si lazima liwe taka. Linalohama huwa na maboksi yaliyofungwa kwa selotepu na kuandikwa "jikoni" au "chumbani", godoro lililovishwa plastiki, na mara nyingi mtu ameketi juu ya kochi anabofya simu. Lililoachwa huwa na droo zilizotawanyika, mifuko ya taka katikati, au karatasi iliyobandikwa ikisema ni bure. Ukiwa na shaka uliza, na asipopatikana wa kukujibu, pita. Kilichoko barazani, uani au kwenye njia ya gari ya nyumba kiko kwenye eneo la mtu, hata kikiwa kimeoza.

Ndiyo maana siku nzuri ya kwenda si Septemba 1. Wenye mpango huanza kupunguza vitu wiki ya mwisho ya Agosti, mchana, kukiwa kukavu, nao wenyewe wapo. Mtu wa kujibu maswali ana thamani kuliko kabati lake: hili lina miaka mingapi, mlikuwa na paka, nyumba imewahi kupuliziwa dawa ya wadudu? Usiku wa 31 ni usiku wa kutupa bila kuchagua, kizuri na kibovu vimerundikwa pamoja gizani. Asubuhi ya tarehe 1 huwa umechelewa, kwa sababu malori ya taka yameanza kupita, wenye macho wameshachagua, na kama ilinyesha usiku, nusu ya kilichobaki kimeharibika.

Kabati lenyewe, droo kwa droo

Jiji hutuma wakaguzi wa nyumba mitaani siku hizo, na samani inayoshukiwa kunguni huweza kubandikwa stika ya onyo. Stika ikiwepo, mjadala umekwisha. Isipokuwepo hujathibitishiwa chochote. Huenda mkaguzi hajapita mtaa huo.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: tochi yenye mwanga mkali, bisibisi, kadi ya plastiki isiyotumika tena, kitambaa cheupe kilicholowa, glavu na futi ya kupimia. Toa droo zote, zigeuze juu chini, uzilaze chini kwa mpangilio ili ujue ipi ilikuwa wapi. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 4 hadi 5, ni bapa na wa kahawia. Yai lina kama milimita 1, jeupe, na limegandishwa kwenye mbao. Usimtafute kwenye uso laini uliopigwa vanishi. Mtafute pale kadi inapoingia: kwenye mfereji ambamo ubao wa chini wa droo umechomekwa, kwenye matundu ya skrubu yasiyo na skrubu, chini ya reli, na mgongoni mwa kabati, ambako bodi nyembamba imepigiliwa kwa pini. Pitisha kadi kwenye kila ufa, kisha mulika kilichotoka. Maganda matupu ya manjano yanayopitisha mwanga ni ushahidi tosha hata usipomwona mdudu hai, kwani mtoto wa kunguni hujivua ganda mara tano kabla ya kukomaa. Doa dogo jeusi lipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Likisambaa na kuacha rangi ya kutu, chukulia ni kinyesi chake, yaani damu iliyokwisha kumeng'enywa.

Wapo wanaolichukua hivyohivyo na kuliweka stoo miezi miwili, wakiamini wadudu watakufa njaa. Hawafi. Kunguni mkomavu anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, na kukiwa baridi hukaa zaidi. Mfuko mweusi juani nao hauaminiki kwa jua la Boston la Septemba, kwa sababu uso wa mbao utapata moto huku ndani ya maungio kukibaki baridi. Dawa za kopo za kujaza chumba moshi ni hasara tupu. Moshi hautui ndani ya nyufa, na nyufa ndiyo makazi yenyewe. Joto ndilo linalomaliza kazi: likifika nyuzi 50 za Selsiasi mpaka kule alikojificha, mdudu na yai hufa kwa muda mfupi. Kwa mbao hutumika mashine ya mvuke, mdomo wake ukisogezwa taratibu juu ya kila ungio ili uso ufike nyuzi 70 hadi 80. Ukienda haraka, au mdomo ukiwa mwembamba wenye msukumo mkali, utawapeperusha wadudu badala ya kuwaua. Fanya hivyo nje au gereji kabla kabati halijavuka kizingiti, halafu liache likauke kabisa. Nguo na mapazia yaliyookotwa huingia kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa, nusu saa, hata kabla ya kufuliwa. Vitabu hukaa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Haya yote ni kwa kabati lisilo na dalili yoyote, kama kinga. Lenye dalili liache. Hakuna kabati la bure lenye thamani ya gharama ya kupulizia nyumba nzima, na katika jengo la wapangaji wengi hutaishia kumsumbua jirani mmoja tu.

Baada ya wadudu, angalia mbao. Kabati nyingi za wanafunzi ni za mbao za chenga zilizogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye sura ya mbao. Bonyeza ukingo wa chini kwa kidole gumba: ukikuta pamevimba au panabonyea, maji yamekwisha kuingia, na mbao hiyo hairudi ilivyokuwa. Skrubu zilizolegea ndani yake hazitashika tena hapohapo. Mbao nzima utaitambua kwa uzito wake na kwa mistari inayoonekana juu ikiendelea mpaka kwenye ukingo. Kona za droo zilizochongwa zikaumana kama vidole ni dalili ya fundi aliyejali, na kabati la namna hiyo inafaa kulihangaikia.

Matengenezo yake ni madogo. Tundu la skrubu lililopanuka hujazwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi nyeupe ya mbao; zikatwe zilingane na uso, ziachwe zikauke usiku mzima, kisha skrubu irudishwe. Ubao wa chini wa droo ulioshuka hutolewa, hugeuzwa upande wa pili, hurudishwa na gundi, na kuwekewa kipande cha mbao katikati kwa chini. Reli za mbao zinazokwaruza hupakwa nta ya mshumaa. Kwa rangi kuwa mwangalifu. Rangi zenye risasi zilipigwa marufuku kwenye matumizi ya nyumbani Marekani mwaka 1978, kwa hiyo kabati la zamani lililopakwa rangi halipigwi msasa mkavu, hasa nyumba ikiwa na mtoto. Lipimwe kwanza, au liachwe kwa mwenye kupenda vitu vya kale.

Ukuta wa jasi na kabati linaloanguka

Hapa ndipo watu wetu hukosea zaidi, kwa sababu wamekulia kwenye kuta za matofali. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA ilitangaza nchini Marekani kurudishwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29, yakiwemo ya aina ya Malm, baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Kabati hizo bado ziko mitaani, na Allston imejaa samani za namna hiyo. Sheria mpya iliyotiwa saini Desemba 2022 imeleta kipimo cha lazima cha uimara kwa kabati za nguo zilizotengenezwa kuanzia Septemba 1, 2023. Cha kuokota karibu chote ni cha kabla ya hapo, kwa hiyo chukulia kabati lako halijapimwa.

Lijaribu mwenyewe: vuta droo zote kwa pamoja, kisha kandamiza kidogo ya juu. Likianza kuinama mbele, litamwinamia mtoto anayepanda droo kama ngazi. Hata lisipoinama, lifungwe ukutani. Ukuta wa nyumba nyingi za Marekani ni bodi ya jasi juu ya nguzo za mbao, na jasi peke yake haishiki skrubu ya kubeba uzito. Tafuta nguzo. Kwa kawaida hupishana sentimita 40 kutoka kitovu hadi kitovu, na sumaku ndogo ikipitishwa ukutani hunasa kwenye vichwa vya skrubu zilizoshika jasi. Piga skrubu ya sentimita 6 kupitia kona ya chuma mpaka ndani ya nguzo, na upande wa kabati iingie kwenye fremu nene ya mbao, siyo kwenye ile bodi ya mgongo. Mwambie mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Tundu mbili huzibika kirahisi.

Vinavyobaki barabarani

Kochi, kiti cha sponji, zulia na godoro: acha. Hakuna ukaguzi wa kando ya barabara unaoweza kufika katikati ya sponji, na kochi lina mishono mingi kuliko muda ulionao. Kwa familia yetu, fedha itakayookolewa kwenye kabati na meza iende kwenye magodoro mapya.

Godoro lina kisa chake. Tangu Novemba 1, 2022 Massachusetts imekataza magodoro na nguo kutupwa kama taka za kawaida, kwa sababu chuma, sponji, mbao na pamba yake vinaweza kutumika tena. Boston huyachukua kwa miadi. Shida ni kwamba mpangaji anayetoka usiku wa 31 hakuweka miadi. Lori la taka la kawaida linalipita godoro lake, mvua inalinyeshea, na godoro lililolowa halipokelewi tena na wa kuchakata. Sheria nzuri imekutana na kalenda mbaya. Mwenye nyumba angekuwa anawakumbusha wapangaji kuweka miadi katikati ya Agosti, rundo lingepungua sana. Wachache hufanya hivyo. Televisheni, kompyuta na friji nazo zina utaratibu wa miadi kupitia namba 311, simu ya huduma za jiji, na televisheni za kioo kinene zimezuiwa kwenye majalala ya jimbo tangu mwaka 2000.

Kitanda cha mtoto mchanga ndicho kilichomo kwenye orodha ya familia yetu ambacho hawapaswi kukiokota. Vitanda vyenye ubavu wa kushuka havijaruhusiwa kuuzwa Marekani tangu Juni 28, 2011, wala kutolewa kwa mwingine. Hata chenye ubavu usiosogea huwa kimepoteza skrubu zake za asili, na fito zikipishana zaidi ya sentimita 6 kiwiliwili cha mtoto hupenya na kichwa kikakwama. Kiti cha mtoto cha garini nacho kina tarehe ya mwisho wa matumizi chini ya plastiki, na hakuna njia ya kujua kama kilishapata ajali. Viwili hivi wanunue vipya.

Friji ndogo ni ya kubahatisha. Mwenyewe akiwepo, aichomeke umeme ndani ya nyumba usikie kama mota inaanza na kutulia. Angalia mpira wa mlango, na bomba za nyuma zisiwe zimepondeka. Isafirishe ikiwa wima. Ikilazimu kulala, isimamishe kwa saa 24 kabla ya kuiwasha, kwa kuwa mafuta ya kompresa huhamia kwenye mabomba. Kisha weka kipimajoto ndani usiku mzima: isiposhuka mpaka nyuzi 4, haifai kwa chakula. Usijaribu kutoboa wala kukata mabomba kutoa gesi. Kuiachia hewani mara nyingi ni kosa la kisheria. Maikrowevu yenye mlango uliopinda usiiguse, na usiifungue kwa matengenezo hata ikiwa imechomolewa, kwani kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na umeme wa kuua. Feni na taa zinahitaji tu waya usiopasuka na plagi isiyoungua.

Kabla ya kuondoka, ingiza mkono mpaka nyuma kabisa ya kila droo. Huko hubaki barua za benki, pasi za kusafiria za zamani na funguo. Nyaraka zenye jina la mtu mpe mwenyewe kama yupo, au zichane.

Lori na daraja

Lori la kukodi lihifadhiwe wiki kadhaa mbele, kwa sababu Septemba 1 hayapatikani. Ukilipata, usifuate ramani ya simu iliyopangwa kwa magari madogo. Itakupeleka Storrow Drive au Soldiers Field Road, kando ya Mto Charles, barabara zisizoruhusu malori na zenye madaraja ya chini, ambako kikomo ni futi 10, yaani kama mita 3. Malori mengi ya kuhamia ni marefu kuliko hapo. Kila mwaka kuna linalochanwa paa, na bima ya kukodi mara nyingi hailipi uharibifu wa juu. Kimo kimeandikwa ndani ya kabini. Kisome kabla ya kuwasha gari. Kutoka Allston kwenda Lowell, ingia barabara kuu ya 90 kuelekea magharibi, kisha 95 kaskazini, kisha 3.

Meza ya kulia ikunjwe au ivuliwe miguu, skrubu ziwekwe kwenye mfuko uliobandikwa chini ya meza hiyohiyo. Kabati lipakiwe likiwa tupu, droo zikiwa pembeni, mgongo ukiegemea ukuta wa lori.

Kuna wanaookota kwa nia ya kupeleka nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam. Vya umeme wavipitie upya. Boston ni volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), kwetu ni volti 230 hadi 240 na hezi 50. Birika au pasi ya volti 120 ikichomekwa kwenye 240 huvuta nguvu mara nne na kuungua papo hapo. Maikrowevu na friji za huko hazisaidiwi vizuri hata na transfoma, kwa sababu transfoma inashusha volti tu. Hezi zinabaki 50, na vifaa vilivyoundwa kwa 60 hupata moto kupita kiasi. Chaja za simu na kompyuta zilizoandikwa 100–240V na 50/60Hz hazina tatizo, zinahitaji plagi tu. Kabati la mbao nzima linavumilia safari, lakini nafasi ya kontena hulipiwa kwa ujazo, na kabati tupu ni hewa inayolipiwa nauli. Anayelituma alipakie likiwa limeshapigwa mvuke na kukauka, droo zimejazwa sahani zilizofungwa kwa nguo, na kila droo imefungwa kwa kamba isije ikafunguka baharini.